Babu Andongwisye Apata Sauti

Kitanda cha Tumpe kilikohoa gizani, na mwanangu akaanza kulia tena.

Siku hizi kila kitanda cha mtoto kina sauti ya mhenga wake, ya kumbembeleza. Chetu kilipewa Babu Andongwisye, lakini kwa kuwa hatukujua lolote la maisha yake, alibaki kukohoa tu.

"Mjukuu wangu analelewa na kikohozi!" mama mkwe alicheka.

Nikatoa kibati alichokivaa babu shingoni. Kilichongwa "36 KAR", na darasa la jioni lilikuwa limenifundisha kusoma vifupisho hivyo: Keya, jeshi la mkoloni, kikosi cha vijana wa Tanganyika waliopelekwa kupigana Burma, kule Asia, katika Vita Kuu ya Pili.

"Mwache mzee, Mama Tumpe," mama mkwe alisema, sasa hacheki. "Wanasema hata alipokuwa hai hakuisimulia Burma."

"Mtoto anahitaji hadithi, Mama. Hata ya kupanda meli kwenda huko tu inatosha."

Nikakisomea kitanda yote niliyoyapata darasani kuhusu Keya na vita vya Burma. Kiliacha kukohoa, kisha sauti nzito, ya upole, ikamwita Tumpe kwa jina. Machozi yalinitoka kwa furaha. Mtoto alitulia, nami nikafunga mlango taratibu.

Sikufika mbali. Nilisikia miguu midogo ikitembea chumbani, ikaenda, ikarudi. Nilipofungua, Tumpe alikuwa amesimama dirishani, blanketi begani, macho nje.

"Njoo ulale, mama yangu," nilimwambia.

Hakugeuka.

"Babu amesema leo zamu ya kulinda ni yangu."