Gemu Moja

Kila mashine ya gemu ilipimwa kwa idadi ya gemu ilizonunuliwa. Iliyokuwa chini ya wastani ilizimwa.

Ya Bi Salha ilikuwa na gemu moja tu, ya mpira.

"Mama, mashine za mtaa wa pili zina gemu tisa tisa," mkaguzi alimwambia mbele ya wageni wake. "Huoni aibu?"

"Aibu ya nini, mwanangu? Hizo tisa zinachezwa na wangapi?"

Kijana alitazama kifaa chake cha kupimia. Kipimo chake hakikuuliza watu. Na hapa kila alasiri sebule ilijaa wanawake wa uchochoro mzima. Sheria yao ilikuwa moja: aliyefungwa anampisha mwenzake, anakwenda kukuna nazi. Hakuna nyumba pale iliyokosa tui.

"Basi gawanya kwa vichwa," alisema Bi Salha. "Au ulifundishwa kuhesabu plastiki za gemu tu?"

Mkaguzi alibonyeza kifaa chake. Kioo cha mashine kikawa cheusi.

"Nunueni nyingine, itawaka," alisema, akatoka.

Wanawake wakamtazama Bi Salha. Yeye akaokota padi ya kuchezea, akakikazia macho kile kioo cheusi, vidole vikaanza kukimbia. Jirani yake Mwanaharusi akaishika ya pili.

"Gooli!"

"Uongo! Umeotea!" Mwanaharusi alifoka, lakini aliinuka, akaenda kuikalia mbuzi ya nazi.

Dirishani mkaguzi alikuwa amesimama, kinywa wazi.

"Wewe," Bi Salha alimwambia bila kugeuza shingo, "kama huchezi, usituzibie mwanga."