Ubao wa Miaka Mia Mbili

Tangu miti ilipokwisha, ubao uliotimiza miaka mia ulihesabiwa mzee: hautolewi nyumbani, wala hauachwi peke yake. Fundi Shaame aliijua sheria hiyo. Lakini alipopata ubao wa kabati kuukuu wa kuutia uso mpya udi wake wa nyuzi, ili aupige harusini kwa mjukuu wake, aliugonga kwa kidole ukaitika kama kengele, na mdomo ukamwasha. Mlango wake, unaosajili kila kiingiacho, ulipouliza umri wa ubao, akajigamba: "Mia mbili!"

Ulikuwa na tisini.

Siku ya harusi alivaa kanzu, akakumbatia udi. Mlango ukagoma kufunguka.

"Nilitia chumvi, bwana. Ni tisini tu!"

"Wote husema hivyo, fundi."

Bi Mgeni, mkewe, alikuwa nje tayari. "Shaame! Bibi harusi anakungoja! Umeudanganya nini tena huo mlango?"

"Tangulia, mke wangu. Harusi ni hapo jirani tu; nitapigia hapa dirishani, mtanisikia."

Akapiga. Udi ukalia vizuri kuliko nyuzi zote alizowahi kugusa.

"Mzee asipigwe na upepo," mlango ukasema kwa adabu, na madirisha yakajifunga, moja baada ya jingine.