Alama za Nyenje

Plagi ilikuwa mkononi mwa fundi cherehani, na taa nyekundu ya mashine ya gemu ilikuwa imezimika. Aliitazama plagi, akaitazama taa, akairudisha plagi kwenye soketi haraka haraka. Taa ikawaka. Akawasha televisheni. Pale ambapo kwa miaka kumi na tisa paliandikwa 42,650, na mbele yake herufi NYE, palikuwa na sifuri tupu.

Alitaka kupiga pasi tu, jamani. Sare kumi na mbili za shule, mwenyewe anazifuata kesho, na soketi ya chumbani kwake imeungua.

Nyenje alikuwa kaka mkubwa wa mumewe. Walimpa jina hilo kwa sababu hakuwa mtu wa kunyamaza. Aliweka rekodi yake siku moja kabla ya homa kumlaza, na homa yenyewe haikumpa hata wiki. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mashine zile za zamani hazikuwa na kumbukumbu: ukizima, kila kitu kimefutika. Basi mama yake hakuizima tena. Televisheni iliwashwa na kuzimwa kama kawaida, lakini mashine iliachwa iteketeze umeme, na chini ya meza ikawekwa betri ya gari ya kuishikilia umeme unapokatika. Mwanamke anayeolewa nyumba hiyo aliambiwa habari hizo siku ya kwanza, kabla hata ya kuonyeshwa choo kiko wapi.

Ndiyo maana alithubutu kuchomoa. Si betri ipo? Dakika tano tu. Sasa akapiga magoti na kuchungulia mvunguni: waya mmoja umechomoka, una kutu, na umetandwa na utando wa buibui. Anayepiga deki sebuleni ni nani? Ni yeye. Akaona aibu hadi akatamani ardhi ipasuke immeze.

Ilikuwa Jumatatu. Mama mkwe alikuwa kwa dada yake, kurudi ni Alhamisi. Mume alikuwa safarini na lori. Angeweza kumpigia simu, lakini angeanzia wapi? Kwamba kaka yako nimemfuta?

Mama mkwe mwenyewe angekuwa mkorofi, ingekuwa nafuu. Lakini ndiye aliyemnunulia ile cherehani ya umeme, na alimwita mwanangu hata mbele ya wageni. Ombi lake lilikuwa moja tu, waiache mashine. Na kila umeme ulipokatika na kurudi, alijifungia sebuleni na simanzi yake, siku nne, hata tano, akitoka kula na kulala tu. Nyumba nzima ilipita mlangoni kwa kunyata.

Fundi akashika pedi ya kuchezea gemu. Tangu azaliwe hakuwahi kuishika. Ndege za adui zilimwangusha kabla hajajua kitufe cha kupigia risasi ni kipi. Alama mia tatu. Akarudia. Mia tano. Jioni ile alifika elfu sita, macho yakimwasha.

Jumanne mwenye sare alibisha hodi, akadanganywa kwamba fundi anaumwa, na kwa jinsi alivyoonekana, aliamini na kumpa pole. Pole ile ilimchoma kuliko matusi. Jumatano alifika elfu thelathini na nane, kidole gumba kimetoka lengelenge.

Halafu kulikuwa na shida nyingine. Kupungua hakufai, na kuzidi hakufai. Safari moja alipitiliza hadi elfu arobaini na tatu, akaruka kwa furaha peke yake sebuleni, ndipo akagutuka kwamba amemshinda marehemu. Aliizima mashine upesi na kukaa kitako sakafuni, masikio yakimwaka kwa haya.

Alhamisi asubuhi, akiwa na ndege yake ya mwisho, hesabu ikasimama kwenye 42,650. Akaondoa mikono kwenye pedi, akaacha apigwe. Akaandika N, Y, E. Alijiona kama mtu anayeghushi sahihi.

Mama mkwe aliingia saa sita, akaweka mkoba chini, na kabla ya kuvua viatu akawasha televisheni. Kisha akapangusa kioo kwa kiganja.

"Nyenje wangu," alisema.

Fundi alikwenda jikoni kumletea maji. Angenyamaza tu, yangeisha. Alirudi na glasi, akaiweka mezani, akapiga magoti.

"Mama, si yeye. Ni mimi."

Akaeleza yote bila kuficha: pasi, plagi, waya ule, uongo aliompa mwenye sare. Alisema anajua hastahili kusamehewa, na kama mama akitaka, atafungasha nguo zake leo leo na kumsubiri mumewe kwao.

Mama mkwe alikwenda mlangoni, akaufunga, akageuza ufunguo. Akarudi, akaketi sakafuni karibu na mkwewe, akaushika mkono wake na kukitazama kidole gumba chenye lengelenge. Sasa mama ndiye aliyeshindwa kuinua uso.

"Siku tatu tu?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Mimi umeme ukikatika hunichukua hata tano."