Waya Uliochomolewa

Bi Mwanatumu alivaa hedifoni za kifaa cha kusikia alichoundiwa na fundi, na kwa mara ya kwanza tangu masikio yake yazibe akamsikia mwanawe Shekue akikohoa.

"Kikohozi cha marehemu baba yako hicho," akacheka.

Kwa furaha Shekue akachomoa waya wa umeme, aisogeze ile bodi ya FPGA, saketi ya kifaa hicho inayopangwa kwa kompyuta, karibu na kitanda. Alipouchomeka tena taa iliwaka, lakini sauti haikutoka. Ndipo akakumbuka onyo la fundi: ukichomoa, bodi inasahau yote niliyoifundisha. Na fundi alishavuka mpaka na kompyuta yake yenye programu ya bodi, simu haipatikani.

"Mama," akaita. "Mama."

Bi Mwanatumu akazibana hedifoni kwa viganja, akafumba macho.

"Haya, mwanangu. Sema sasa."