Ufunguo wa Choo

Mwajabu alisimamisha cherehani yake, akamwendea Sikitu, shoga yake kwa miaka tisa, aliyefanywa msimamizi wa kiwanda wiki ile. Ufunguo wa choo cha wanawake ulikuwa ukining'inia shingoni mwa Sikitu.

"Nifungulie, shoga. Nimebanwa."

"Subiri mapumziko. Nikikufungulia wewe, na wengine watataka."

"Mkojo unanichoma tangu asubuhi. Unajua kwamba naumwa."

Sikitu alitazama chini, kisha akapaza sauti ili wote wasikie. "Kwani nani aliyekutuma unywe maji yote hayo?"

Mwajabu akamtazama usoni. Wiki iliyopita tu walikaa benchi moja zahanati, Sikitu amemshika mkono, nesi akisema maambukizi yamerudi mara ya tatu, amalize vidonge, anywe maji mengi na asibane mkojo tena. Na ni Sikitu aliyeapa njiani kwamba siku atakayopewa ufunguo ule, hakuna mwanamke atakayeumia.

Machozi yalimlenga, lakini hakurudi kwenye kiti chake. Alikwenda akasimama mbele ya mlango uliofungwa, akaupa ukumbi mgongo. Nyuma yake cherehani moja ikanyamaza, kisha ya pili.