Kitambi cha Waziri

Kwa miaka ishirini mke wa mchora katuni aliwatambia majirani kwamba mumewe haogopi mtu. Siku mume alipolala na homa, alimtuma apeleke mchoro wa kesho gazetini.

"Ila pitia kwanza kwa waziri," alisema, akigeukia ukutani. "Ni utaratibu tu."

Waziri alikuwa anatafuna paja la kuku.

"Karibu, shemeji!"

Hakunawa. Aliupokea mchoro, akajiona humo: fisi ndani ya suti, amekalia gunia la mahindi ya shule. Akacheka mpaka machozi. Kisha akachukua kalamu nyekundu, akapunguza kitambi, akalikata gunia kwa mstari, na pembeni akaandika: "Pua iache, watu wanaipenda."

"Mwambie bwana'ko arekebishe. Miaka yote hii bado hajanizoea?"

Mke aliitazama alama ya dole gumba la waziri, mafuta yakisambaa taratibu kwenye karatasi. Aliushika mchoro kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayemtoa panya aliyekufa, akatoka bila kuaga.

Hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja gazetini, akauweka mbele ya mhariri.

"Mama, huu wino mwekundu tuufute?"

"Msifute hata nukta. Huo ni mwandiko wa waziri mwenyewe. Chapeni hivi hivi."

Mhariri aligusa sahihi ya mchoraji. "Na jina la mzee hapo chini?"

"Liacheni," alisema, akipangusa vidole kwenye gauni. "Kazi ni yao wote wawili."