Mlango Unaojua Moyo

"Mlango wako umeniaibisha, Siwatu! Mbele ya watu!"

"Mlango umesema ukweli tu, Rukia," alijibu jirani yangu kupitia nondo za dirisha.

"Ndiyo hasira yangu hiyo! Paka wako ananijua, mlango wako haunijui?"

Nilikuwa nimepiga hodi kama miaka yote, mkononi bakuli la mchuzi wa papa. Siwatu akaitika kutoka ndani, "Karibu, shoga!" Basi lile lidude jipya la mlangoni, linalosikiliza sauti ya mwenye nyumba likajua moyo wake, likatangaza mtaa mzima usikie: "Hajamaanisha. Amechoka na wageni." Kitasa kikagoma kufunguka.

Siku hizi mtaa wote umeyanunua madude haya. Jioni hakuna anayebisha hodi kwa mwenziwe, nani anataka kuumbuliwa? Kwani zamani hatukuchokana? Tulichokana sana! Tukakaribishana hivyo hivyo, tukala, na kabla sinia halijawa tupu tukawa tumependana tena. Lidude linajua nini habari za sinia?

"Ling'oe!" nikapiga kelele.

"Nikiling'oa, mlango haufunguki tena. Nimeshajaribu, ikabidi nilirudishe." Akazishika nondo. "Tangu nilibandike nakula peke yangu, Rukia."

Majirani waliojazana barazani wakaacha kucheka. Wali wake wa nazi ulikuwa ukinukia hadi nje. Siwatu akatoka dirishani, nikasikia ndara zake zikija hadi nyuma ya mlango.

"Shoga yangu," akasema polepole, "karibu tule."

Sote tukautazama mlango, tukingoja kusikia utasema nini.